Kiwanja Chanika, kazi Masaki: nunua ila usihamie kwanza

Mkuu umeuliza kama uchukue kile kiwanja cha bei chee Chanika, kule pembezoni mwa Dar, ujenge uhamie na familia, na kazi yako ipo Masaki, upande wa pili wa jiji. Mi nimekaa Chanika miaka minne nikifanya kazi dukani Mikocheni, nakujibu kwa niliyopitia.

Kununua nunua, ardhi haiozi. Kuhamia ndo ufikirie. Nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku, saa kumi na robo niko kituoni, gari ya kwanza mpaka Gongo la Mboto, na hapo ndo vita yenyewe. Kupata siti ilibidi ugeuze na gari, yani unalidakia vituo viwili kabla likiwa linakuja, unafika nalo mwisho unarudi nalo, nauli unalipa mara mbili ili ukae tu, maana ukisimama njia nzima halafu ukasimame tena dukani kutwa miguu inagoma. Jioni nafika nyumbani saa nne, na kutoka barabarani kuingia ndani ni boda. Treni ya Pugu ilisaidia wanaofanya kazi katikati ya mji, ila ilikuwa inakushusha Stesheni huko huko katikati, sisi wa Mikocheni tunaanza safari upya.

Siku moja nikakaa na mke wangu na daftari, yeye alikuwa anauza Kariakoo, tukajumlisha nauli zetu na boda, ikapita kodi ya vyumba viwili Mwananyamala, karibu na kazini. Hapo masaa hatujayahesabu, na mtoto alikuwa ananiona Jumapili tu, iliniuma sana hiyo.

Chanika haina kosa. Huku pembeni wanapima viwanja tu, kazi zinabaki Posta, Kariakoo na Masaki. Ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000 wa 2002 ulifika mpaka Buyuni jirani yetu hapo, lakini asubuhi watu bado wanamiminika mjini. Waliotolewa bonde la Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, mi siwalaumu hata kidogo.

Sisi tulipangisha nyumba ya Chanika tukahamia Mwananyamala. We kabla hujahamisha hata godoro, omba hifadhi kwa mtu kule Chanika, Jumatatu mpaka Ijumaa uende kazini ukitokea hapo, na kama ni kipindi cha mvua ndo vizuri zaidi.