Vidonge vya alginati vyenye mabonge na mikia

Dada, nimekuelewa: unataka kufungia bakteria wa yogati ndani ya vidonge vidogo wavuke asidi ya tumbo, lakini mchanganyiko una mabonge na vidonge vina mikia.

Nyunyiza gramu 2 za alginati ya sodiamu (unga utokao kwenye mwani, unaoganda ukikutana na kalsiamu) kidogo kidogo kwa mililita 100 za maji yasiyo na madini, huku ukikoroga kwa nguvu. Kalsiamu ya maji ya bomba huigandisha mapema. (Maji ya betri ya kituo cha petroli achana nayo, si ya chakula.) Yaache kwenye friji usiku kucha mapovu yatoke, ndipo utie bakteria.

Mkia hutokea mchanganyiko ukiwa mzito mno au sindano ya kudondoshea ikiwa chini mno. Inua hadi sentimita 10 hivi, udondoshe tone kwa tone kwenye kloridi ya kalsiamu ya chakula ya asilimia 2, uviache humo dakika 20, kisha suuza. Usiongeze sitrati wala fosfati: hunyang'anya kalsiamu, vidonge vikayeyuka.

Tena, alginati pekee ina matundu. Asidi hupenya, kwa hiyo baadhi ya bakteria watakufa tu. Kabla ya kuuza, pima idadi ya walio hai maabara, uende KEBS (Shirika la Viwango la Kenya). Mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza.