Kamera inapata chaji, picha hazionekani

Dada wa Mikindani, umesema kamera inapata chaji ukiichomeka kwenye kompyuta ila picha hazionekani. Usikimbilie kupiga Windows upya; shuku waya kwanza. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya za bei chee mara nyingi zina nyuzi za umeme tu, ndiyo maana kamera inakula chaji na kompyuta haijui kama ipo. Tumia waya ambao umeshawahi kuhamishia picha, na uchomeke nyuma ya kompyuta, siyo mbele.

Zima Wi-Fi ya kamera. Kwenye Canon nyingi, ikiwa imewashwa, USB haisomi. Kama menyu ina chaguo la USB, jaribu MTP (njia ya kuhamisha picha na mafaili), kisha Mass Storage (kamera ionekane kama flashi).

Halafu kuna upepo wetu wa chumvi wa pwani, unaokula vyuma. Ukiona ukijani kwenye tundu la kamera, toa betri, safisha taratibu kwa mswaki laini uliolowa kidogo spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, uache nusu saa ikauke. Usitumie maji.

Kusema kweli, njia ya mkato ni kutoa kadi na kutumia kisoma kadi. Angalizo: kisomaji cha zamani cha SDHC (aina ya kadi ya kumbukumbu) kinaishia GB 32, kadi ya GB 64 hakiiwezi. Kompyuta ikikuomba kuformati kadi, kataa. Ukikubali, picha zote zitapotea.