Pikapu ya automatic, mchele wa Kyela na kipoza oili cha gia boksi

Kama una pikapu ya automatic na mzigo wako unapanda kutoka Kyela kuja Mbeya, au unatoka Ruaha Mbuyuni na Kitonga inakusubiri mbele, haya yanakuhusu. Wa gia za mkono mnaweza kuendelea na chai yenu.

Gari langu ni Hilux dabo kebini, dizeli, automatic ya gia nne. Nililinunua kwa ajili ya familia, biashara ikaja ikaliona. Siku moja ya mwezi wa saba nilitoka Kyela saa nane mchana na magunia manane ya mchele nyuma, kila moja kilo 100, na shemeji yangu pembeni. Najua, dabo kebini haikuundwa kwa magunia manane. Lakini ukipata mchele wa Kyela kwa bei ya shambani, kitabu cha gari hukikumbuki hata kilipo.

Kyela iko chini kabisa, karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na kabla hujafika barabara inakupeleka juu zaidi ya hapo, Isyonje, ndipo ikuachie ushuke Uyole. Yaani ukiondoa vipande vichache, safari nzima ni kupanda. Tulipoipita Kiwira nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likabaki linajikokota vilevile. Nikaongeza mguu, mngurumo ukaongezeka, mwendo hapana. Kisha ikaja harufu. Wale wanaopika vitumbua wanaijua: mafuta yaliyosahauliwa jikoni mpaka yakawa meusi.

Nilifungua boneti nikavuta kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Oili nzuri ya automatic ni nyekundu na inapitisha mwanga, kama juisi ya rozela. Yangu ilikuwa kahawa. Nikaipaka kati ya vidole viwili nikasikia chengachenga. Shemeji akauliza, "Tunaweza kufika?" Tulifika, ndiyo, nyuma ya Canter, kwa kamba, usiku.

Gia boksi ya mtumba pamoja na kazi ya kuifunga ilikula faida ya msimu mzima wa mchele. Mzee aliyenifungia, fundi wa gia boksi tangu enzi ambazo automatic ilikuwa ya wakubwa tu, aliniambia: "Mwanangu, hii tutakufungia, lakini ukirudi Kyela bila kula, tutaonana hapahapa." Nikajibu kwamba chakula ningekula kokote njiani. Akacheka hadi akashika meza. Kumbe mafundi wakisema "kula" wanamaanisha cooler ya Kiingereza, yaani kipoza oili.

Sasa kwa nini iungue? Kwenye gia za mkono injini na gia boksi vinaunganishwa na klachi kavu. Kwenye automatic, kinachopeleka nguvu ni oili inayozungushwa ndani ya toki konveta, kile chombo cha duara kilicho kati ya injini na gia boksi. Ukiwa tambarare na mwendo umechanganya, konveta inajifunga na oili inapumzika. Ukiwa mlimani na mzigo, mwendo mdogo, inabaki wazi: upande mmoja unazunguka haraka kuliko mwingine, oili inakorogwa katikati, na nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Oili inapenda kukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikivuka 120 inaanza kuchakaa haraka, na mafundi wana makadirio yao kwamba kila inapopanda nyuzi kumi zaidi, umri wake unakatika karibu nusu. Ikishaungua hailainishi wala haibani klachi za ndani ya gia boksi, zile zinazoshika gia, klachi zinateleza, joto linaongezeka, na hapo mambo yanakwenda mbio.

Kiwandani hawakusahau. Oili inatoka kwenye gia boksi kwa paipu, inapita ndani ya kijibomba kilichojificha kwenye tangi la rejeta, inapoa kidogo, inarudi. Tatizo ni kwamba inapozwa na maji yale yale yanayopoza injini, na mlimani maji hayo nayo yanachemka roho. Kipoza cha kuongeza kinakaa mbele kabisa, nyuma ya grili, kinapigwa na upepo.

Ushauri wangu wa kwanza utawashangaza wauza spea: nunua geji ya joto kabla ya kipoza. Sensa yake inakaa kwenye paipu inayotoka gia boksi, kabla oili haijafika kwenye rejeta, ili usome oili ikiwa na moto wake wote. Mimi niliifunga, nikaenda na kurudi na magunia manne tu, na pale juu ya Kiwira ikasoma 119. Ndipo nikajua mzee hakuwa ananitafutia gharama. Gari lako likikaa 90 kwenye kilima chako kibaya, baki na hela yako.

Kununua. Viko vya aina tatu: vya bomba lililokunjwa lenye mapezi (vile vibati vyembamba vinavyotoa joto), hivyo ni vya bei rahisi na vinapoza kidogo, vya sahani zenye mapezi, na vya sahani zilizopangwa kama chapati, hivyo ndivyo bora kwa mzigo, na oili ikiwa ya baridi na nzito inapita kirahisi zaidi. Chukua hiki cha mwisho kama mfuko unaruhusu. Usichukue kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa, hata ukioneshwa kinavyong'aa. Huwezi kujua gia boksi ya gari lile ilikufaje, na chenga za chuma zikishajificha kwenye sahani zile nyembamba hakuna petroli itakayozitoa zote. Utailetea gia boksi yako mpya maradhi ya marehemu.

Hapa nisimulie aibu yangu. Kipoza changu cha kwanza sikumpelekea yule mzee, alikuwa na foleni. Nilimpelekea kijana mmoja aliyesema kazi ni ya saa moja, na kweli ilikuwa ya saa moja. Alichukua msumeno wa chuma akakata paipu ya kiwandani katikati, akachomeka mpira wa petroli pande zote mbili, akabana na klipu za skurubu, akakining'iniza kipoza kwenye kondensa ya AC, ile kama rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele, kwa zile pini za plastiki zinazopita katikati ya mapezi. Nikalipa, nikashukuru, nikampa na hela ya soda.

Wiki ya pili, jioni, ukungu wa Isyonje umeshashuka, kijana wa bodaboda akanipita akipiga kelele, "Mzee, gari lako linakojoa!" Nikasimama na kuzima papo hapo. Lami nyuma yangu ilikuwa na mstari mwekundu kama wa kuchinjia ng'ombe. Ncha ya paipu iliyokatwa ni laini, haina ule ukingo uliovimba unaozuia mpira usichomoke. Mpira wenyewe ulishaanza kulainika, kwa sababu wa petroli haukutengenezwa kwa oili inayofika nyuzi mia. Pampu ya gia boksi haijui kama oili inakwenda kwenye kipoza au barabarani, inasukuma tu. Bila yule kijana ningenunua gia boksi ya tatu. Sikumjua hata jina.

Kwa hiyo mkisikia nasisitiza mipira kuliko kipoza chenyewe, mnajua nilikotoka. Mpira uwe umeandikwa kwamba ni wa oili ya transmisheni. Kiwango chake ni SAE J1532 na kimechapwa ubavuni. Klipu ziwe zile pana zenye ukanda laini ndani, zisizokata mpira. Na paipu usiikate. Kwenye Hilux, kati ya paipu za chuma na rejeta kuna vipande vifupi vya mpira kutoka kiwandani, na ncha za pale tayari zina ukingo wake. Toa kipande kimoja, ingia hapo. Msumeno hauna kazi.

Lakini utoe kipi? Hilo swali nimeona watu wakilijibu kwa kubahatisha. Unataka oili ipite kwenye rejeta kwanza, halafu kipoza, halafu irudi. Chomoa paipu zote mbili upande wa rejeta, elekeza kila moja kwenye chupa yake tupu ya maji, gari likiwa P na breki ya mkono juu, mwenzako awashe sekunde tatu nne na kuzima. Inayotema oili ndiyo inayotoka gia boksi. Irudishe mahali pake, usiiguse tena. Mdomo wa pili wa rejeta ndio oili inakotokea: kutoka hapo mpira wako uende kwenye kipoza, na mpira mwingine utoke kwenye kipoza uende kwenye ile paipu ya pili inayorudi. Basi.

Wapo watakaokwambia uiruke rejeta, eti kipoza kinatosha. Labda Dar es Salaam. Huku kwetu asubuhi ya mwezi wa sita mkono hausemi na usukani, na ukienda Makete au Kitulo unakuta barafu kwenye nyasi. Oili ya baridi ni nzito, gia zinachelewa, gari linarusha mateke. Maji ya rejeta yakishapata moto ndiyo yanayoipasha oili asubuhi, na mchana yanaipoza. Mimi ningeiruka kwa sababu moja tu: rejeta imetoboka kwa ndani, maji na oili vinachanganyika. Utaiona kwenye kijiti, inakuwa ya pinki iliyofifia, kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Hiyo usiendeshe hata kwenda gereji.

Kukifunga mbele, mchomeleaji alinikatia vyuma bapa viwili, vikashikwa na bolti kwenye fremu inayobeba rejeta. Kati ya kipoza na kondensa tuliacha upana wa kidole. Zile pini za plastiki, barabara ya vumbi ikizitikisa miezi michache, zinasaga mapezi mpaka zinatoboa bomba. Midomo ya kipoza ielekee juu au pembeni, isielekee chini, hewa isije ikabaki ndani. Mipira ipite mbali na feni na isikunjwe kwa hasira.

Oili ya kujazia, msimuulize muuza duka. Someni kijiti chenu. Toyota wameandika palepale aina inayotakiwa, na kuchanganya ni kutafuta balaa. Kupima nako kuna namna yake: injini iwe inanguruma, gari limesimama sawasawa, oili ya moto, umeshapitisha lever kwenye kila gia na kurudi P. Kijiti kina alama za baridi na za moto, soma za moto. Langu liliongezewa zaidi kidogo ya nusu lita, hiyo ndiyo iliyokwenda kukaa kwenye kipoza na mipira. Magari mengine hayana kijiti kabisa, yanapimwa kwa nati ya chini oili ikiwa kwenye joto maalumu. Hayo peleka kwa anayejua.

Baada ya yule mzee kurudia kazi yote, magunia yale yale manne, kilima kile kile, geji ilisoma 97. Na nimejifunza kuzima ova draivu, yaani ile gia ya nne, mapema, kabla gari halijaanza kuhangaika kati ya gia ya tatu na ya nne. Geji ikikaribia 110 nasimama pembeni, naweka P, naiacha inangurume dakika kumi. Usizime, maana ukizima pampu inasimama na feni inasimama, na oili yako inakaa inaiva ilipo.

Nikumbushe pia kwamba kipoza hakifufui. Ndugu mmoja wa Mbalizi aliniletea gari ambalo tayari linateleza gia ya pili, anataka afungiwe kula apone. Klachi zikishaisha zimeisha. Nilimwambia atunze hela ya kipoza aanzie nayo kuchangia gia boksi. Hakufurahi.

Matunzo ni machache. Wiki mbili za mwanzo pitisha mkono kwenye kila maungio, ukikuta unyevu kaza. Mvua za kwanza zikianza, fungua grili uangalie, kwa sababu kumbikumbi wanapenda taa na wanakufa kwenye mapezi kwa mamia, upepo haupiti tena. Maji ya mpira wa bustani yanatosha, ya presha yanalaza mapezi. Mimi nilipoosha Novemba iliyopita kuku wa mama watoto walikuwa wameshajipanga chini ya bampa kabla sijafungua bomba, na sasa kila nikifungua boneti wanakuja kuangalia.