Umepangiwa Lamu? Soma Bahari Kabla ya Rejista

Juzi nilipokea ujumbe wa mwalimu kijana kutoka bara. Tume ya kuajiri walimu (TSC) imempangia shule ya msingi visiwani Lamu, na tangu apate barua hapati usingizi. Aliniuliza maswali mfululizo: maji, nyumba, chakula, usalama, mume. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, mtandao ukakatakata nusu yake. Basi naandika hapa, maana kila Tume ikiajiri maswali haya haya hunijia.

Mimi ni Mgiriama wa Kakuyuni, Malindi. Niliposikia kisiwa cha Pate nilidhani naenda kwa jirani. Basi mpaka Mokowe, boti mpaka Amu, yaani mji wa Lamu, boti nyingine mpaka gati la Mtangawanda huko Pate, kisha bodaboda. Godoro langu lilifika limelowa maji ya chumvi upande mmoja. Kijiji sitakitaja, wala shule, kwa sababu nina ya kusema.

Asubuhi ya kwanza, kwenye ofisi ya walimu, mkubwa mmoja alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akawaambia wenzake, "Huyu muhula hamalizi." Wakacheka. Hakuna aliyenipa kiti. Watu husema yaliyopita si ndwele, lakini mimi kile kicheko bado nakisikia, na sioni haya kusema kwamba kimenisaidia kuamka alfajiri nyingi.

Nilipewa Gredi ya 4. Wiki ya kwanza darasa lilijaa, nikafurahi. Iliyofuata, nusu hawapo. Nikauliza. Mkubwa yule yule akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Watoto wa hapa ndivyo walivyo. Wazazi hawana habari na shule." Sikubishana naye, ila sikumwamini. Mtoto mvivu hukosa shule ovyo ovyo. Hawa walikuwa wakikosa kwa mpango: siku nne tano mfululizo mapengo yamejaa rejista, kisha wote wamerudi, kisha tena mapengo.

Aliyenifumbua macho ni bibi mwenye nyumba niliyopanga. Nilikuwa nimeketi naye barazani baada ya magharibi, rejista magotini, nikimwonyesha zile safu. Hajui kusoma hati yangu, lakini alipitisha kidole kwenye mapengo, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe mwezi huuangalii?"

Kumbe ni bamvua. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Na huku kwetu pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Saa nne! Wewe ndiyo kwanza umeandika tarehe ubaoni, na mwamba wote uko nje, pweza wamo mashimoni, mama anatafuta mtoto mwenye macho makali amshikie ndoo. Siku za maji mafu, yaani bahari isipojaa wala kupwa sana, mwamba hautoki vile, na mtoto yuko darasani. Katika miezi ya kaskazi, bahari ikitulia, huongezeka na wale wavulana wanaofuata baba zao kwenye uvuvi.

Nikachukua karatasi ya manila nikachora kalenda ya muhula, mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa wino mwekundu, nikaibandika karibu na ubao. Mada mpya nikazisukuma kwenye maji mafu. Siku za bamvua nikaweka marudio. Hesabu za uzani tukazifanya kwa pweza: fulani kapata kilo tatu na robo, mnunuzi kakata robo kwa ajili ya maji, je, amedhulumiwa kiasi gani? Usiniulize walivyochangamka. Kuna msichana aliyekuwa hafungui mdomo tangu nifike, siku hiyo alisimama kubishana na jibu langu.

Lakini kalenda peke yake haimrudishi mtoto shuleni. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, yaani madrasa. Huyu ndiye mtu wa kwanza wa kumtafuta ukifika, na nitarudia: kamtafute mwalimu wa chuo. Watoto wale wale unaowafundisha asubuhi wako kwake jioni, na neno lake halirudi chini. Nilivaa leso yangu vizuri, nikasimama nje, nikatoa salamu, nikangoja. Hakuniuliza dini yangu. Tuliongea habari za watoto mpaka adhana ikatutenganisha. Baada ya siku chache akina mama wakakubaliana kwamba nyumba moja haitoi watoto wote siku moja, na anayekwenda mwambani asubuhi anarudi darasani mchana. Leo rejista yangu ya bamvua ina mapengo ya kuhesabu kwa vidole. Walioniambia sitamaliza muhula walihama wao. Naliandika hili kwa raha zangu.

Walimu wenzangu, mbona tuna haraka ya kuita watu wajinga? Tunapokea posho ya mazingira magumu kila mwezi, halafu hatutaki hata kuyajua hayo mazingira. Uliza kabla ya kushika kiboko, ambacho hata hivyo sheria imekikataza. Usipange mtihani wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, halafu ulalamike kwamba watu wako Amu. Ijumaa maliza mapema bila kununa. Na mtoto akikwambia "ndaa" badala ya njaa, mpe chakula, sarufi itafuata.

Hayo mengine ni madogo. Maji ya kunywa katika vijiji vingi vya Pate ni ya mvua, hukusanywa kwenye jabia, birika kubwa la kuwekea maji. Uliza la nani kabla ya kutumbukiza ndoo, na ukioga tumia kata ya kuchotea, usijimwagie kama uko hotelini. Beba pesa taslimu kidogo, kwa sababu wakala wa M-Pesa naye huishiwa. Taa ya sola, ndiyo. Kupanga chumba kwenye nyumba yenye bibi, ndiyo mara mbili: mimi nimekula mkate wa mofa na samaki ambao pesa yangu isingenunua. Habari za usalama uliza wenyeji na chifu, usisome tu yanayosambazwa kwenye simu.

Boti haina saa moja ya kila siku, hufuata maji. Uliza jioni ya kuamkia safari, na godoro lifunge kwa nailoni pande zote.

Umeniuliza pia kama mume wako atakubali. Hilo, mdogo wangu, mwulize yeye.