Mbona nyenje kauawa sura ya 4?

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 anaipenda sana katuni ya Pinocchio, yule mwanasesere wa mti, nikamnunulia kitabu, tafsiri kamili. Kufika sura ya 4, nyenje anayemshauri Pinocchio anapigwa nyundo, anakufa! Mtoto kalia. Je, nimeuziwa kitabu kilichochakachuliwa?
Mama wa Morogoro

JIBU: Hapana mama, hicho ndicho chenyewe. Carlo Collodi aliitoa hadithi hii vipande vipande katika gazeti la watoto la Italia kuanzia Julai 1881. Ikawa kitabu mwaka 1883. Nyenje mwenye nyimbo ni wa katuni ya Disney, 1940.

Rudini mwanzo kabisa. Collodi anasema hapo zamani palikuwa na... watoto wanadakia, "Mfalme!" Anawaambia wamekosea: palikuwa na kipande cha mti. Nyamaza hapo, mwache mwanao adakie mwenyewe. Akishakosea mara moja kwa kicheko, hatakisoma tena akiingojea katuni.

Pua ya Pinocchio nayo itamshangaza. Katika sura ya 3 inarefuka ikiwa bado inachongwa. Geppetto, mzee anayemchonga na ndiye baba yake, anaikata, nayo inazidi kurefuka, na mdomo wa kusemea uongo haujachongwa! Uongo unakuja kuirefusha katika sura ya 17. Nyangumi wa katuni hayumo, yumo papa mzee mwenye urefu wa zaidi ya kilometa moja bila mkia. Ana pumu, kwa hiyo hulala kinywa wazi, na hapo ndipo Pinocchio na baba yake wanapopenya kutoka nje.

Sura ziko 36, fupi fupi. Someni mbili kila usiku. Hesabu hiyo ina sababu: sura ya 15 Pinocchio ananyongwa juu ya mwaloni, na Collodi alikuwa amekusudia kuishia hapo, mpaka wasomaji wadogo walipodai iendelee. Ukifunga kitabu hapo, mtoto hatalala. Kwa mbili mbili, ya 15 na ya 16 zinaangukia usiku wa nane pamoja, na ya 16 kozi anatumwa kumshusha.

Kuhusu nyenje, usimwambie mapema kwamba atarudi. Kivuli chake, yaani mzuka wake, kinatokea sura ya 13, na sura ya 16 yumo kati ya matabibu watatu. Sura ya 36 yuko juu ya boriti ya kibanda, anamkumbusha Pinocchio ile nyundo. Pinocchio anamwambia amrushie na yeye, ila amhurumie baba yake mgonjwa.