Kiatu Kimoja kwa Lami, Changarawe na Tope la Mbeya

Msomaji mmoja wa Uyole ameniandikia akitaka kujua kama anunue raba zenye meno marefu kwenye soli, kwa kuwa anajiandaa kukimbia milimani na mvua bado zinanyesha. Namjibu hapa, kwani naamini wengi wenu mna kiu hiyohiyo ya kufika juu ya mlima Loleza mkiwa bado mnakimbia.

Jibu langu ni hapana. Anayeanzia Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, akaelekea kilele cha Loleza chenye mita 2,656, hukanyaga kwanza lami, kisha changarawe, halafu udongo unaonata na mawe. Meno ya milimita 6 hushika tope barabara, lakini juu ya lami uzito wote huangukia ncha chache, kiatu kikayumba na mpira ukalika upesi. Meno ya milimita 3 au 4 yanatosha, mradi yawe yameachana, kwa sababu yaliyobanana hujaa udongo hadi soli ikawa bapa kama sahani.

Mwenzetu mmoja katika kikundi cha mazoezi aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mtumba haupandi mlima. Maneno hayo bado yananichoma. Mwezi uliopita tulipanda pamoja asubuhi baada ya mvua ya usiku, yeye akiwa na viatu vipya vya meno marefu, mimi na raba zangu za mtumba za soko la Mwanjelwa. Kwenye tope alinitangulia, nami sitamnyima sifa hiyo. Lakini wakati wa kushuka, tulipofika penye mawe yaliyolowa, alianza kutembea huku akishika vichaka, kwa sababu mpira wa soli yake ulikuwa mgumu. Nilimpita hapo, na niliingia mjini yeye akiwa haonekani nyuma yangu.

Ndiyo maana nasisitiza ulaini wa mpira kuliko urefu wa meno. Ukiwa sokoni, bonyeza jino la soli kwa ukucha wa kidole gumba: likibonyea kidogo na kurudi, mpira huo utashika jiwe, likikataa kabisa, kiatu hicho ni cha barabarani. Kisha kikunje. Kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Kwa mtumba, tazama pia sponji ya ubavuni, kwani yenye mikunjo mingi imekwisha chakaa hata kama juu kiatu kinang'aa.

Acheni kununua kwa kufuata rangi, ndugu zangu, na msiruhusu muuzaji awaharakishe. Vaa soksi unazokimbilia, uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana kwenye mteremko kucha ndizo zinazoumia. Viatu visivyopitisha maji sivipendekezi: kwenye majani marefu ya uwanda wa Kitulo maji huingilia juu, kifundoni, na yakishaingia hayatoki. Kitambaa chenye matundu hulowa haraka, lakini hukauka ukiwa bado njiani.

Ila, ndugu yangu wa Uyole, kama mazoezi yako yote yako kwenye mashamba ya viazi ya milima ya Uporoto, nunua hayo meno marefu, na kipande cha lami ukimalize kwa daladala.