Muulize Anko: Ndege ya kwenye video na ile uliyopanda

Msimu wa kupanda mlima ukifika, KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, inajaa wageni na simu yangu inajaa maswali ya ndege, safari hii yamekuwa mengi mpaka nimeamua ukurasa mzima tuwape wao. Waliouliza bei za tiketi mnisamehe, mimi sio wakala.

*Anko shikamoo. Binamu yangu alinirushia video ya ndege ina vitanda ghorofani, baa, makochi kama sebule ya mtu, nikasema poa, safari yangu ya chuo ntaenda kwa raha. Nilichokuta ni magoti kwenye mgongo wa siti ya mbele usiku kucha na jirani kanilalia begani. Hivi zile ni ndege za wapi, au kompyuta tu? (Chalii wa Njiro, Arusha)*

Marahaba chalii. Nyingi ni kompyuta kweli, ila hii michezo ilianza kabla hujazaliwa. Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, ghorofa yake ya juu mashirika mengi yaliifanya sebule ya vinywaji, unapanda kwa ngazi ya kuzunguka, na American Airlines wao waliweka hadi kinanda kule nyuma kwa watu wa ikonomi, lile daraja la bei ya chini, yani watu wanaimba angani. Miaka michache tu kinanda kikatoka, siti zikaingia. Ikaja Airbus A380 ya ghorofa mbili kamili, kabla haijaanza kazi na Singapore Airlines 2007 zilipigwa stori za gym, maduka na kasino. Kilichotokea ni kwamba Emirates waliweka bafu la kuoga kweli kabisa, lakini la festi klasi, na baa yao ya juu ni ya festi na bizinesi, chini kwenye ikonomi watu wamekaa kumi kwa mstari, tatu-nne-tatu, na 2021 ndege ya mwisho ya aina hiyo ikakabidhiwa na mradi ukafungwa.

Airbus hao hao mwaka 2011 walitoa picha za ndege ya mwaka 2050, ukuta unaona mawingu hadi nje, hakuna madaraja ila maeneo, huku la kupumzika, kule la michezo. Nzuri hiyo usiniambie. Mimi nikiona picha ya hivyo nahesabu watu waliomo, maana siku zote utakuta wachache wamejiachia kwenye eneo ambalo ndege ya kazi ingepanga mistari na mistari ya siti.

Alafu jiulize nani ananunua ndege. Sio wewe. Anayenunua ni shirika, na shirika ndilo linaloamua siti zikae vipi, tena siti zenyewe hata hazitengenezwi na Boeing wala Airbus, zinatoka kwa kampuni nyingine kama Recaro au Safran. Kwahiyo kiwanda kinaonyesha mchoro wa kutia watu hamu, shirika linapiga hesabu ya sakafu yake, na wewe unakuja kukutana na ile hesabu. Chukua Dreamliner, Boeing 787. Boeing walivyoinadi mwanzoni ikonomi yake ilikuwa ya siti nane kwa mstari, mbili-nne-mbili, mashirika karibu yote yakachagua tisa, tatu-tatu-tatu, waliobaki na nane kwenye safari za mbali ni wa kuhesabu, Japan Airlines wakiwemo. Boeing 777 nayo ilizoeleka na tisa, sasa hivi nyingi ni kumi. Ndege yenyewe haijanenepa hata kidogo, hizo inchi zimekatwa kwako na kwenye korido.

Na hata shirika lenye roho nzuri likitaka kukupa kitanda cha ghorofa kuna sheria inalisubiri. Siti za ndege kubwa za sasa zinapimwa kwa kishindo cha mara 16 ya uzito, na ndege mpya lazima ioneshe inaweza kutoa watu wote nje ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Kochi la sebuleni halivuki hapo kirahisi. Air New Zealand wao walipata njia, Skycouch, siti tatu za ikonomi ambazo sehemu ya chini inanyanyuka panakuwa kama kigodoro, ila hapo umeshanunua siti zote tatu au mko familia, kwahiyo raha ipo na hela yake ipo.

*Anko, mimi ni mama wa makamo, wanangu wanasema nikienda kwao nichague Dreamliner kwa sababu haichoshi mwili. Ni kweli au ni biashara tu? (Mama wa Majengo, Moshi)*

Ni kweli mama, na hicho ndicho kitu ambacho hakuna video inayokionyesha kwa sababu hakina sura.

Ndege ikiwa juu sana ndani wanajaza hewa, ila hawaijazi mpaka ifanane na ya hapa Majengo. Ndege nyingi za siku zote presha ya ndani inaruhusiwa kushuka mpaka iwe kama umesimama futi 8,000, sawa na mita 2,400 hivi. Wewe wa Moshi nikikutajia mlima utanielewa haraka, hapo umeshavuka geti la Marangu na umeanza kuitafuta kambi ya Mandara, halafu ukae hivyo masaa nane. Ndio maana unashuka kichwa kizito. Dreamliner wanaiweka isizidi futi 6,000, mita 1,800 na kitu, yani unabaki pale pale usawa wa geti. Airbus A350 nayo ni hivyo hivyo. Sababu ni bodi yake, imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya aluminiamu, na nyuzi hizo hazichoki haraka kwa kule kujazwa na kupunguzwa hewa kila safari, tena hazioti kutu kwahiyo wanaweza kuacha unyevu kidogo zaidi ndani, pua na koo havikauki sana. Madirisha ya Dreamliner ni makubwa na hayana kile kipazia cha kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinaingia giza.

Kwanini haya yamebaki na sebule imekufa? Mi naona ni kwa sababu hewa huwezi kuikata ukaweka siti nyingine. Kitu chochote cha raha kinachokaa sakafuni kina adui.

Ila mama usije ukadhani utakaa kwa kujinafasi, siti za ikonomi kwenye Dreamliner ya tisa kwa mstari upana ni kama inchi 17, na kama una mwili kama wa shangazi zetu utaiona. Air Tanzania walipokea Dreamliner yao ya kwanza Julai 2018, na Desemba mwaka huo huo wakapokea Airbus A220, ndege ndogo kuliko hiyo lakini kwa kukaa mimi naipenda zaidi, ikonomi yake ni siti mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, na wale madizaina walifanya jambo la utu wakaifanya ile ya katikati iwe pana kuliko wenzake. Ikikutokea kwenye safari yako wala usigombanie dirisha.

*We Anko, nimekula chumvi kukuzidi kwahiyo shikamoo iko kwako. Wajukuu wananiambia ndege za kusimama zinakuja. Mimi nimekuwa konda Arusha-Moshi miaka na miaka, hiyo kitu naijua, nataka kujua kama wazungu wametuiga. (Mzee wa Kwa Mrombo)*

Shikamoo mzee wangu. Habari hiyo ina mkia mrefu. Mwaka 2010 bosi wa Ryanair, Michael O'Leary, aliongelea kubeba abiria wakiwa wima, dunia ikapiga kelele, nafikiri ndicho alichokuwa anatafuta maana alitangazwa bure. Mwaka huo huo kampuni ya Italia inayotengeneza siti, Aviointeriors, ikatoa kitu inaita SkyRider, sio kusimama kabisa, unaegemea kama umepanda tandiko la farasi, toka siti hadi siti inchi 23 tu wakati ikonomi za kawaida huwa 28 mpaka 32. Wakaileta tena imeboreshwa 2018 kwenye maonesho ya Hamburg. Hakuna shirika lililoifunga kwenye ndege ikabeba watu. 2025 uvumi ukafufuka mitandaoni kwamba zinaanza 2026, wajukuu zako nadhani waliipata huko.

Ila mzee, sikiliza penye utamu. Kwenye Coaster wewe ulikuwa unatoa kigoda unamkalisha mtu kwenye korido na gari linaondoka. Ndege ina kikomo, na kikomo kinatokana na milango. Boeing 737-800 mwisho wake ni abiria 189, na Ryanair tayari walikuwa wanaweka siti 189 kamili za kukaa, hakuna pa kuongeza hata mmoja. Sasa ukiwasimamisha watu wale wale 189 umepata nini, nafasi imebaki tupu nyuma na watu wana hasira. Walipotaka kuzidisha ilibidi wapate toleo jingine kabisa la 737 lenye milango ya dharura ya ziada, ndio wakafika siti 197. Kwahiyo anayekuokoa usisimame angani ni mlango, wala sio huruma ya mtu.

*Anko mambo. Tiketi moja imeandikwa inchi 31 nyingine 30 bei tofauti, hiyo inchi wanapima wapi? (Dada wa Sakina)*

Poa dada. Wanapima kutoka sehemu moja ya siti yako mpaka sehemu ile ile ya siti ya mbele, kwahiyo unene wa siti umo humo ndani, sio nafasi ya magoti yako peke yake. Ndio maana siti nyembamba ya siku hizi yenye 30 inaweza kukupa nafasi ya goti sawa na nene ya 31, ila hiyo nyembamba sponji yake nayo ni ya kuungaunga, masaa matatu unaanza kuusikia mfupa. Inchi moja mimi siilipii. Angalia upana na wanakaa wangapi kwa mstari.

Na tusiwalaumu mashirika peke yao. Mwaka 2000 American Airlines waling'oa mistari ya siti kwenye ndege zao ili ikonomi yote ipate nafasi ya miguu, wakatangaza kwa nguvu, abiria wakasifia vizuri kabisa halafu wakaendelea kununua tiketi kwa jirani aliyepunguza bei. Miaka michache mbele siti zikarudishwa. Sisi wenyewe tukifungua simu cha kwanza tunabonyeza "bei ndogo kwanza", hata mimi.

*Mikono ya siti ya katikati ni ya nani? (hakuandika jina, Moshi)*

Yote miwili ya aliyekaa katikati. Wa dirishani ana ukuta wa kuegemea, wa koridoni ana mguu wa kunyoosha. Tusibishane.

*Shikamoo Anko. Mama mkwe wangu wa Kibosho anaenda Ujerumani kwa mwanae, miguu inamvimba hata akikaa kanisani. Tumkatie siti gani? Mume wangu anasema ile ya mlango wa dharura ina nafasi. (Mkwe, Moshi)*

Marahaba binti. Mwambie mumeo hapana, mlango wa dharura wanakaa wanaoweza kufungua huo mlango na kusaidia wengine, mama wa miguu kuvimba watamhamisha pale pale. Kabla ya siti nendeni kwanza hospitali, akaulizwe kama amewahi kuganda damu mguuni na kama anatumia dawa gani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa ripoti kwamba safari ya kukaa masaa manne au zaidi inaongeza hatari ya damu kuganda kama mara mbili, hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa mwenye dalili tayari usiibahatishe, na sio ndege tu, basi la Dar nalo limo.

Siti mchukulieni ya koridoni, asione aibu kuinuka. Mkipata ndege aina ya Airbus A330 mara nyingi ikonomi ni mbili-nne-mbili, kama anasindikizwa wakatieni zile mbili za pembeni, hamna mgeni wa kumruka. Siti ya mbele kabisa ya ukutani inavutia ila meza yake inakaa ndani ya mkono wa siti, kwahiyo ule mkono haunyanyuki na pembeni panabana, kwa mama mwenye mwili itamkera. Avae viatu vya kulegea, asivivue akashindwa kuvirudisha, na achezeshe vifundo vya miguu kila akikumbuka. Kiti cha magurudumu ombeni siku mnayokata tiketi, msisubiri mfike kaunta ya KIA mkaanza kumtafuta mtu, na kama anabadilisha ndege njiani hakikisheni ombi limeandikwa kwa viwanja vyote viwili, maana cha kwanza huwa hakina shida, shida ni kule katikati ambako hajui lugha na geti liko mbali.